Ujumbe Mmoja, Sehemu Mbili: Kutoka Mfangano hadi Bomas

Kura zikishahesabiwa Mfangano, kisiwa cha Homa Bay kinachofikiwa kwa boti kutoka Mbita, kazi ya karatasi ndiyo kwanza inaanza. Afisa msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, mawakala wa wagombea hutia sahihi, nakala moja hubandikwa mlangoni, na matokeo hushika njia mbili: karatasi hupelekwa kwa mkono hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, na nyingine ni njia ya mtandao, kupitia kifaa cha KIEMS. Katika uchaguzi wa Agosti 8, 2017, afisa huyo alitakiwa aingize kwenye kifaa tarakimu za kila mgombea wa urais, aipige picha fomu yenyewe, kisha avitume vyote viwili kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe mmoja wenye sehemu mbili.

Usiku ule skrini za ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura, zilijaa tarakimu, lakini fomu zilizopaswa kuandamana nazo hazikuonekana. Siku chache kabla ya kura, tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imetangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Mshindi alitangazwa Agosti 11 ilhali maelfu ya Fomu 34A zilikuwa hazijapokelewa, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Wakati wa kesi, upande wa tume ulidai kwamba tarakimu za skrini zilikuwa takwimu tu na wala si matokeo. Kauli hiyo ilichekwa kote nchini. Kwa maoni yangu ndiyo kauli iliyostahili kuchunguzwa kuliko zote, kwa sababu ilikiri bila kukusudia kwamba hapakuwa na makubaliano juu ya uhusiano wa sehemu zile mbili.

Wakenya wengi walizama katika mjadala wa udukuzi: nani aliingia kwenye seva, kwa nenosiri la nani. Chini ya mjadala huo kulikuwa na swali la kale zaidi, ambalo wahandisi wa mawasiliano wamehangaika nalo tangu simu na kompyuta zilipoanza kubeba zaidi ya maneno matupu. Ukifunga vitu viwili katika ujumbe mmoja, vimefungwa vipi? Na kimoja kikifika bila mwenzake, mpokeaji afanye nini?

Jibu lililoenea zaidi lilitokana na barua pepe. Itifaki ya SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, ilijua kubeba jambo moja tu: mistari ya herufi za Kiingereza, biti 7 kwa kila herufi. Picha haikuwa na nafasi humo, wala sauti, wala hata herufi yenye alama juu. Miaka kumi baadaye Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, toleo la kwanza likiwa waraka wa RFC 1341 wa Juni 1992. Hawakuigusa mitambo iliyokuwa ikifanya kazi duniani. Walichofanya ni kuficha mpangilio mpya ndani ya maandishi yaleyale ya zamani, ili seva zisizojua lolote kuhusu picha ziendelee kupitisha barua kama kawaida.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kueleza. Kichwa cha ujumbe hutangaza kwamba mwili una sehemu nyingi, na hutaja kitenganishi, yaani mfululizo wa herufi usiozidi 70 ambao mtumaji ameuchagua kwa kubahatisha ili usipatikane popote katika yaliyomo. Kila sehemu hutanguliwa na mstari wa kitenganishi chenye vistari viwili mbele, kisha vichwa vidogo vyake vinavyosema kama ni maandishi, picha au sauti, kisha mstari mtupu, kisha yaliyomo. Baada ya sehemu ya mwisho kitenganishi hurudi mara moja tena, safari hii kikiwa na vistari viwili mbele na viwili nyuma. Hapo ndipo mpokeaji anajua kwamba ujumbe umekwisha.

Tazama kisichokuwamo: idadi. Mpokeaji hajui zinakuja sehemu ngapi mpaka aone kitenganishi cha kufunga. Mtandao ukikatika katikati, programu moja itautupa ujumbe wote, nyingine itahifadhi sehemu zilizokamilika na kunyamaza kimya. Hitilafu nyingi za aina hii huzaliwa papo hapo. Huzuka mtandao ukidorora, na kwenye dawati la Nairobi lenye waya wa fiba hakuna anayeziona.

Mwaka 1995 mpangilio huohuo ulihamishiwa kwenye kurasa za wavuti, kwa waraka wa RFC 1867 wa Ernesto Nebel na Larry Masinter wa Xerox, ili mtu aweze kupakia faili kupitia fomu. Waraka unaotawala sasa ni RFC 7578 wa mwaka 2015. Kulikuwa na faida moja kubwa. Barua pepe hulazimika kuigeuza picha kuwa herufi kwa mtindo wa Base64, na ukubwa wake unaongezeka kwa theluthi moja. Fomu ya wavuti huipeleka picha ilivyo, baiti kwa baiti. Hata hivyo mzigo haukosi uzito. Picha ya megabaiti 2 ikipita kwenye mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo mtu wa Karungu au Gwassi anaweza kuishukuru jioni ya mvua, inachukua sekunde 160. Ikikatika dakika ya pili, mpangilio huu hauna namna ya kuendelea ulipoachia. Unaanza upya, na dakika mbili za bando zimekwenda na maji.

Ujumbe mfupi wa simu ulichukua njia nyingine kabisa. SMS moja hubeba baiti 140, sawa na herufi 160 za biti 7. Maneno yakizidi, simu huyakata vipande, na kila kipande hupewa kijichwa cha baiti 6 chenye mambo matatu: namba ya utambulisho, jumla ya vipande, na nafasi ya kipande hicho. Nafasi ya maandishi hushuka hadi herufi 153 kwa kila kipande. Anayetuma magunia ya omena kwa basi kutoka Mbita huandika hivyo hivyo kwa kalamu nzito: 1 kwa 3, 2 kwa 3, 3 kwa 3. Mpokeaji akipata mawili anajua papo hapo kwamba limebaki moja, hata kama la tatu ndilo lililotangulia kushuka.

Mpango huo una mtego unaowagusa watu wa huku moja kwa moja. Kidholuo, kama Kiswahili, kinaandika ng' kwa king'ong'o juu, na king'ong'o kilichonyooka kimo katika alfabeti ya msingi ya GSM. Kilichopinda hakimo. Programu za kuandikia hupenda kunyoosha mikono na kukipindisha bila kuulizwa. Karani wa afya akiandika tangazo lake kwenye kompyuta kisha akalinakili hadi kwenye mfumo wa kutuma jumbe kwa wingi, king'ong'o kimoja kilichopinda kinatosha kuugeuza ujumbe mzima kuwa wa biti 16 kwa herufi. Nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe ukikatwa, hadi 67 kwa kipande. Tangazo la herufi 160 lililokuwa kipande kimoja sasa ni vitatu, na bili inakuwa mara tatu. Kwa watu 10,000 unalipia vipande 30,000.

Kwa bahati njema, ufupi hauna hasara kubwa kama tunavyodhani. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, upande wa Maseno, watafiti walijaribu kuwakumbusha wagonjwa wa virusi vya UKIMWI kumeza dawa kwa SMS, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kati ya waliotumiwa kikumbusho kila wiki, asilimia 53 walimeza dawa kwa kiwango cha angalau asilimia 90 kwa wiki 48, wakati kundi lisilotumiwa chochote lilikuwa na asilimia 40. Jumbe ndefu zenye maneno ya kutia moyo hazikuzishinda zile fupi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi, na ilipita Homa Bay hiihii. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe chenye kambi yake Mbita Point, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na wenzao wa Uswisi, waliendesha mradi wa SolarMal katika kisiwa cha Rusinga. Nyumba ziliwekewa umeme wa jua kwa ajili ya taa na mtego wa mbu. Ili kupima kama malaria inapungua, ilibidi wakazi wapatao 25,000 wafuatiliwe nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amehama, nani ana homa. Wahojaji walizunguka na vishikwambi vya Android vyenye mfumo wa OpenHDS, na dodoso zilijazwa kwa programu ya ODK iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zilizopata mitego.

Dodoso la ODK hutumwa kwa kanuni ziitwazo OpenRosa, ambazo juu juu ni mpangilio uleule wa sehemu nyingi wa wavuti. Sehemu moja ya lazima ni faili la XML lenye majibu, na picha, sauti au video zilizochukuliwa huwa sehemu nyingine. Tofauti imo ndani ya XML. Majibu yenyewe yanataja jina la kila faili linaloandamana nayo. Seva ikisoma kwamba swali la 7 lina picha fulani, na picha hiyo haikuja, inajua kilichopungua kwa jina, haibahatishi. Tena kabla ya kutuma, kishikwambi huiuliza seva inaweza kupokea mzigo wa ukubwa gani kwa mara moja. Mzigo ukizidi kipimo hicho, hugawanywa katika safari kadhaa, na kila safari hubeba XML ileile pamoja na fungu lake la picha.

Kuna jambo dogo jingine humo, na mtu wa pwani ya ziwa atalielewa upesi. Dodoso lina kitambulisho chake cha pekee. Mara nyingi mtandao haukatiki wakati ujumbe unapokwenda, bali wakati jibu linaporudi: seva imeshapokea kila kitu, kishikwambi hakijui, mhojaji anabonyeza tena. Bila kitambulisho, mtoto mmoja wa Rusinga angezaliwa mara mbili kwenye takwimu. Kwa kitambulisho, seva inatambua kwamba huyu nimeshamwandika.

Tukirudi sasa kwenye Fomu 34A, tunaona jambo ambalo wakili na mhandisi wangeweza kulijadili kwa lugha moja. MIME haina aina moja tu ya ujumbe wa sehemu nyingi. Kuna aina ambayo sehemu ni mchanganyiko wa vitu vinavyojitegemea. Kuna aina ya mbadala, ambapo kila sehemu inasema jambo lilelile kwa sura tofauti, na mpokeaji huchagua iliyo bora kati ya zile anazoweza kuonyesha. Ndivyo barua pepe moja inavyobeba maandishi matupu pamoja na toleo lenye rangi. Kisha kuna aina ya sehemu zinazohusiana, iliyowekewa waraka wake, RFC 2387, mwaka 1998: moja ni shina, nyingine zinalitegemea, na hakuna maana ya kulisoma tawi shina likikosekana.

Mwaka 2017 tume ilizitendea tarakimu na picha kama mbadala. Tarakimu zimefika, basi zionyeshwe; picha itakuja baadaye, nayo itasema yaleyale. Sheria ilikuwa imezitaja kama zinazohusiana, na shina lake lilikuwa fomu. Mahakama ya Rufani, Juni 23 mwaka huohuo, katika kesi iliyoanzishwa na Maina Kiai na wenzake, ilikuwa imeshaamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Yaani ukweli unakaa kwenye karatasi ya Mfangano, na kila kinachosafiri ni nakala yake. Tarakimu isiyo na fomu haina mzazi. Majaji wanne walipokataa matokeo yaliyotangazwa kabla fomu zote hazijafika, walikuwa wanasema hivyo kwa lugha ya kikatiba.

Wapo watakaosema hoja hii inaisamehe tume, kwamba naigeuza dhambi ya kisiasa kuwa hitilafu ya programu. Sivyo. Kuamua kwamba seva ikubali tarakimu bila picha ni uamuzi, na kuna mtu aliyeufanya. Tofauti ni kwamba uamuzi wa aina hiyo hufanyika kwenye chumba cha kompyuta, miezi kabla ya kura, bila wakala wa chama wala mwandishi wa habari, na hauhitaji sahihi ya mtu yeyote.

Suluhisho la Agosti 9, 2022 lilikuwa la kukata mzizi. Tume iliiondoa sehemu ya tarakimu. Kutoka vituo 46,229 zilitumwa picha za Fomu 34A za urais peke yake, zikawekwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa umma. Mkazi wa Uriri au Kuria Mashariki aliweza kushusha fomu ya kituo chake na kuilinganisha na ile aliyoiona mlangoni. Ujumbe wenye sehemu moja hauwezi kuachana. Walalamishi walidai kwamba picha zilizuiliwa njiani, zikageuzwa kuwa PDF na kubadilishwa. Mahakama iliagiza ukaguzi, na Septemba 5 majaji wote saba wakaikataa hoja hiyo, kwa kuwa fomu za tovuti zililingana na za karatasi zilizofika Bomas.

Lakini kukata sehemu kuna gharama yake, na watu wameisahau haraka. Kwa kuwa tume haikutuma tarakimu, hapakuwa na jumla rasmi iliyokuwa ikipanda. Kila kituo cha televisheni kilikaa na vijana wake wakisoma picha moja moja na kuandika namba upya, kila kimoja kwa mpangilio wake. Kwa siku kadhaa mgombea mmoja aliongoza kwenye chaneli hii na kushindwa kwenye chaneli ile. Kazi ya kuingiza tarakimu haikuondoka. Ilihama kutoka kwa afisa aliyekula kiapo hadi chumba cha habari. Kwa maoni yangu ulikuwa ubadilishanaji mzuri kwa mwaka ule, kwa sababu yeyote aliyekosea angeweza kusahihishwa na picha iliyo wazi. Sioni kwa nini uwe wa kudumu.

Niguse kidogo upande wa usalama, kwa sababu nao una mwaka uleule. Programu inayotenganisha sehemu za ujumbe husoma maandishi ya mtu asiyejulikana kabla haijajua ni nani. Machi 2017 iligunduliwa kasoro katika kitenganishaji cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti: kichwa cha aina ya ujumbe kikiandikwa vibaya kwa makusudi, seva ilikitekeleza kana kwamba ni amri. Rekebisho lilitolewa mara moja, kampuni ya Equifax ya Marekani haikuliweka, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Kasoro nyingine, iliyotajwa mwaka 2023 katika maktaba ya Apache Commons FileUpload, ilikuwa ya kitoto zaidi: hapakuwa na kikomo cha idadi ya sehemu, hivyo mtu aliweza kutuma sehemu nyingi mno na kuilemea seva. Yeyote anayejenga mfumo wa kupokea fomu za serikali ya kaunti aanzie hapo: kikomo cha ukubwa, kikomo cha idadi, na asiliamini jina la faili alilopewa.

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Agosti 10, 2027. Tarakimu zikirudishwa kwenye ujumbe, mfano wa Rusinga unatosha kuigwa karibu ulivyo: tarakimu zitaje jina la picha yake, pamoja na alama ya kidijitali inayobadilika picha ikiguswa hata baiti moja, kituo kiwe na kitambulisho kimoja hata kitume mara ngapi, na zabuni ya vifaa iandike, kwa maneno ambayo wakala wa chama anaweza kuyasoma, kile seva itakachofanya sehemu moja ikifika peke yake. Kanuni za wavuti tayari zina jibu la hali hiyo. Seva inayojibu 201 inasema kilichoombwa kimeundwa na kipo. Inayojibu 202 inasema ombi limepokelewa na kazi bado haijakamilika. Skrini ya Bomas ya mwaka 2017 ilihitaji safu mbili, moja ya vituo vya 201 na nyingine ya vituo vya 202, kila moja na jumla yake. Ilijengwa ikiwa na safu moja.